Amesajiliwa, Hajasajiliwa

Mwanzoni mwa Januari 2025 kijana mmoja wa dawati la michezo alinipigia simu usiku, saa ile gazeti linapokaribia kwenda mitamboni. Kazi yangu ni kusafisha lugha za wenzangu, na vijana wa michezo ndio wateja wangu wakubwa.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa usumbufu. Hivi hii sentensi ina kosa?" Akanisomea: "Barcelona imemsajili Dani Olmo lakini imeshindwa kumsajili."

Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana kosa nililitafuta nisilione. Kila neno lilikuwa mahali pake, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli.

Olmo alinunuliwa kutoka RB Leipzig Agosti 2024. Magazeti yetu yote yaliandika kwamba amesajiliwa, na hakuna msomaji aliyelalamika. Lakini huko Hispania ligi ina kikomo cha gharama za kikosi: klabu ikikizidi, jina la mchezaji mpya halipokelewi. Nusu ya kwanza ya msimu Olmo alipita kwenye upenyo ulioachwa na beki majeruhi, Andreas Christensen, kwa kibali kilichokwisha tarehe 31 Desemba. Muda ulipoisha, ligi na shirikisho la nchi hiyo wakakataa kumwandika tena. Tarehe 8 Januari Baraza Kuu la Michezo, ambalo ni chombo cha serikali, likaagiza arejeshwe kwa muda, na Aprili likampa haki yake moja kwa moja. Katikati hapo, kwa siku kadhaa, palikuwa na mtu mwenye mkataba, mshahara, jezi na kabati lake chumbani, ambaye hakuwa mchezaji wa ligi. Kiswahili cha magazeti kilikuwa kimekwisha mpa kitenzi chake mwezi Agosti, na sasa hakikuwa na kingine cha kumpa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilizunguka neno hili kama mtu aliyeonyeshwa ufa kwenye ukuta wa nyumba yake.

Sajili ni neno la daftari. Tumelipata kwa Waarabu, ambao sijili kwao ni kitabu cha kumbukumbu. Nao walilipokea kwa njia ndefu kutoka Kilatini, sigillum, muhuri mdogo wa kugandamizwa kwenye nta. Kwa hiyo ukilifungua neno usajili unakuta kitabu, na ukikifungua kitabu unakuta muhuri. Hela haimo. Msajili wa ndoa haoi. Msajili wa Vyama vya Siasa hana chama. Msajili wa Makampuni hauzi hisa wala hanunui. Kazi ya msajili ni kuandika kilichotendwa na wengine, baada ya kuridhika kwamba kilitendwa ipasavyo.

Na nje ya uwanja wa mpira neno hilo halijatuchanganya hata mara moja. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 tulipopanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kila mtu alijua anachofanya. Laini nilikuwa nimeinunua kwa kijana mwenye mwavuli kando ya barabara. Usajili ulidai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole changu. Vilikuwa vitendo viwili, kwa siku mbili. Ambaye hakusajili, laini yake ilizimwa, ingawa alikwisha itolea hela na ilikuwa mfukoni mwake. Huo ndio mfano niliompa kijana simuni, kwa haraka, ili arudi kwenye kazi yake.

Kwa nini basi mpirani vitendo hivyo viwili vimelala kitanda kimoja? Nadhani sababu ni historia. Katika miaka ya soka la ridhaa mchezaji hakununuliwa, walau si mbele za watu. Alipewa kazi. Majina ya timu yenyewe yalikuwa majina ya waajiri: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Pamba ya Mwanza. Aliyehama timu alihamia ajira, pengine na chumba cha kulala, na kilichoonekana hadharani ni kitu kimoja tu, fomu ya usajili. Wazee wa vijiweni bado wanasimulia habari za wachezaji waliofichwa nyumba za wageni mpaka fomu zifikishwe zinakopelekwa, na za wale waliosaini fomu za timu mbili kisha wakapotea wiki nzima. Fomu ilikuwa ndiyo bei, mkataba na daftari kwa pamoja. Neno likavimba hapo, na uvimbe haukushuka hata hela zilipoingia waziwazi.

Hela zilipoingia zilikuja na vitenzi vyake, na hapa waandishi wa michezo wa Dar es Salaam nawavulia kofia, pamoja na ugomvi wetu wa kila usiku. Mchezaji akisaini, *amemwaga wino* au *ameanguka saini*. Klabu ikimpata, *imemnasa*, *imemnyakua*, *imemshusha*. Akifika, *ametua*, hata kama kaja na basi la Mwanza. Wakielewana kabla ya kutangaza, *wamemalizana*. Akiachwa, zamani *alitemwa*. Siku hizi *anapewa "thank you"*, kwa sababu klabu humuaga mitandaoni kwa maneno hayo ya Kiingereza, na mashabiki wakayageuza kuwa jina la balaa. Nimesikia mama muuza chapati akimwambia msaidizi wake mchelewaji kwamba wiki hii atampa thank you.

Mchezaji mwenyewe katika lugha hii ni kifaa, mashine, mtambo, jembe. Hatusemi kwa dharau, tunasema kwa sifa, na ndiyo maana inafaa kuiangalia. Ardhi imebadilika chini ya miguu yetu kwa irabu moja: kutoka soka kwenda soko. Hata mlango wa soko hilo tumeuita dirisha, dirisha kubwa la katikati ya mwaka na dirisha dogo la katikati ya msimu. Dirisha ni neno lililotoka Kiajemi, ambako *daricha* ni mlango mdogo, kwa hiyo dirisha dogo ni mlango mdogo mdogo. Na kweli wanaopita humo mara nyingi hupita kwa kuinama, mmoja kwa mkopo, mwingine kwa kubadilishana, mwingine kwa dau ambalo halitajwi.

Sasa, katika soko hilo, ligi iwe nani? Mwenye soko anayekusanya ushuru? Askari wa mgambo? Dalali? Swali huulizwa kwa maneno haya: je, ligi *iingilie* biashara za klabu? Ukiuliza hivyo umekwisha jibu nusu. Kuingilia ni neno lenye vumbi la kosa. Anayeingilia maongezi hana adabu. Anayeingilia ndoa ya watu ni mbaya zaidi, na kuna maana nyingine ya kumwingilia mtu ambayo mahakamani hutajwa kwa sauti ya chini. Ongeza *kati*, na ghafla mtu huyohuyo anakuwa mwema: aliyeingilia kati ameokoa jahazi. Neno dogo la mahali limemtoa mtu kwenye hatia. Kumbe tatizo la anayeingilia si kwamba ameingia. Ni kwamba hakusimama katikati.

Nchi ambako swali hili limesumbua watu kwa miaka mingi ni Marekani, na huko kitenzi kuingilia kinayumba kabisa. Ligi yao kuu, MLS, ilianza kuchezwa mwaka 1996 ikiwa na timu 10, na waasisi wake waliiunda kama kampuni moja. Mwekezaji ana hisa katika ligi na anaendesha timu. Mchezaji anasaini mkataba na ligi, si na timu. Wachezaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba mpango huo unaua ushindani wa mishahara, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Boston ikawakatalia. Sasa nieleze: mwenye duka akitoa gunia la mchele Magomeni akalipeleka kwenye tawi lake la Mbagala, ameingilia biashara ya Magomeni? Hapana, amepanga mali yake. Lakini mnunuzi wa Magomeni aliyekuwa akilisubiri gunia lile atakasirika, na hasira zake zitakuwa za haki.

Agosti 2013 Clint Dempsey alirudi nyumbani kutoka Tottenham. Ada, iliyotajwa kuwa kama dola milioni 9, ililipwa na ligi, naye akavishwa jezi ya Seattle. Ulikuwepo utaratibu wa foleni kwa wachezaji wa timu ya taifa wanaorudi, na mashabiki wa miji mingine wakauliza foleni imekwenda wapi. Mwaka uliofuata akaja Jermaine Jones, aliyekuwa ametoka kucheza Kombe la Dunia nchini Brazil. New England walimtaka, Chicago walimtaka. Ligi ikaitisha kura ya kubahatisha, na New England wakashinda. Mwanamume wa miaka 32, mwenye familia na mawazo yake kuhusu wapi angependa kuishi, akatolewa kama baiskeli ya tombola.

Msamiati wa ligi hiyo ni bustani ya ajabu kwa mtu wa maneno. Kuna haki ya *ugunduzi*: timu huweka orodha ya wachezaji iliowagundua, na nyingine ikimtaka aliyemo humo inaweza kutakiwa kulipa dola 50,000 ili ipishwe. Sisi tuliosomeshwa shuleni kwamba Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, wakati Wachaga walikuwa wamepanda migomba kwenye miteremko yake, neno hilo tunalijua vizuri. Kinachogunduliwa ni kile ambacho mwenye daftari hakuwa amekiandika.

Na hapa yupo kijana wetu, tuseme wetu kwa nusu. Bernard Kamungo alizaliwa Kigoma mwaka 2002, katika kambi ya Nyarugusu, kwa wazazi waliokimbia Kongo, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya foleni ya maji na ya mpira wa makaratasi. Mwaka 2016 familia ikahamishiwa Abilene, Texas. Alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas, timu ndogo ya FC Dallas, akachaguliwa, akapanda hadi timu kubwa, na Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani. Hakuwa kwenye orodha ya ugunduzi ya mtu yeyote. Kaka yake ndiye aliyemwandikisha. Litunze neno hilo, nitalirudia.

Neno jingine la huko ni *fedha za mgao*. Kwa miaka mingi timu mbili za MLS hazikuruhusiwa kuuziana mchezaji kwa hela za kawaida. Zilipeana haki za foleni, nafasi za wageni na fedha za mgao, ambazo ni dola za ligi zenye masharti, dola zisizonunua hata chupa ya maji dukani. Kila mtu aliona mtu akiuzwa, ila kitenzi kuuza kilikuwa kimewekwa likizo. Mwaka 2025 ligi ikaruhusu hela halisi, na muda si mrefu mchezaji Evander akatoka Portland kwenda Cincinnati kwa takriban dola milioni 12. Nilifurahi, si kwa sababu ya Evander. Nilifurahi kwa sababu kitu kimeitwa jina lake. Naweza kubishana na ligi inayouza na kununua ikisema inauza na kununua. Ile inayosema inagawa ndiyo inanipa taabu, kwa kuwa haijui, au haitaki kusema, imekalia kiti gani.

Mtaani kwetu *ligi* ina maana ya pili. Mtu mbishi, anayegeuza kila jambo kuwa mashindano, anaambiwa asilete ligi. Basi ligi inayonunua mchezaji kisha ikaamua nani amchezeshe imeleta ligi ndani ya ligi.

Lakini nisije nikaonekana nalisifu daftari kupita kiasi. Daftari nalo limewahi kuwa pingu.

Kwa miongo mingi Uingereza ilikuwa na mfumo wa kubakiza na kuhamisha. Mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu iliweza kuendelea kumshikilia kwenye orodha yake, hata bila kumlipa, na asicheze kwingine. Mkataba umekufa, usajili unaishi. Ni sentensi ya Olmo iliyopinduliwa: hajaajiriwa, ila amesajiliwa. George Eastham alitaka kuondoka Newcastle, akazuiwa, akaacha kucheza mpaka alipouzwa Arsenal mwaka 1960 kwa pauni 47,500. Kesi aliyoifungua hakuiacha. Mwaka 1963 Jaji Richard Wilberforce akaamua kwamba kumbakiza mtu namna ile ni kumfunga asifanye kazi yake bila sababu ya haki. Jaji huyo alikuwa wa ukoo wa William Wilberforce, yule mpinga biashara ya utumwa. Na Kiswahili, kisichokubali kupotea kwenye nasaba, kina neno la uhusiano wao: kilembwe, mtoto wa kitukuu.

Sisi wa pwani hatupaswi kuhitaji jina la jaji ili tushtuke. Tunasema mchezaji *ameuzwa*, tunasema *amenunuliwa*, na yule aliyemaliza mkataba tunamwita *mchezaji huru*. Huru katika Kiarabu ni mtu asiye mtumwa. Ndiyo maana yake ya kwanza, kabla ya bendera na nyimbo za taifa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Simama Mkunazini, lilipokuwa, pembeni ya kanisa lililojengwa juu yake, ufungue redio ya michezo: fulani ameuzwa, fulani yuko huru, fulani ni mali ya klabu hadi 2027. Sisemi kwamba kijana anayelipwa mamilioni ni mtumwa. Nasema lugha ilikuwa na maneno hayo tayari, ikayatoa kabatini yakiwa yamekunjwa vizuri, na hayakuhitaji hata kupigwa pasi.

Jean-Marc Bosman ndiye aliyelipa neno huru makali yake ya leo. Mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990, klabu ikadai ada ndipo aende Dunkerque, na tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikasema aliyemaliza mkataba haulizwi bei. Tangu hapo mawakala wamejenga maghorofa. Yeye mwenyewe hakupata kitu cha maana.

Nirudi nyumbani. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliiambia klabu yake ya Yanga kwamba anaondoka, akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuuvunja mkataba wake. *Kuvunja*: tunavunja chungu, ungo, ndoa, sheria na rekodi. Fei aliona mkataba ni kitu chenye bei ya kuvunjwa, iliyoandikwa ndani yake. Klabu iliona ni kitu ambacho hakivunjwi na mtu mmoja. Shauri likaenda kwenye kamati ya shirikisho la soka, TFF, yenye jina zuri kuliko kamati zote nchini, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Hadhi hapo ni tafsiri ya neno la FIFA lenye maana ya hali ya kisheria tu, je, ni wa ridhaa au wa kulipwa, ni wa klabu gani. Lakini Kiswahili hakijui hadhi kavu namna hiyo. Hadhi kwetu ni heshima ya mtu. Mtafsiri aliyeliweka, labda bila kukusudia, aliipa kamati kazi kubwa kuliko iliyoombwa.

Januari 2023 kamati ikasema Fei bado ni mchezaji halali wa Yanga. Akaendelea kutokucheza. Miezi ikapita, kijiwe kikagawanyika kati ya waliosema mtoto ameonewa na waliosema mtoto amedanganywa. Juni, Yanga ilipoalikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi walimalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye Azam wakamtangaza.

Nani aliingilia, na nani aliingilia kati? Bodi ya Ligi, ambayo hupanga ratiba na kuendesha mashindano, haikuwa na kauli. Daftari la usajili kwetu liko mikononi mwa shirikisho. Shirikisho lilisoma karatasi, likasema karatasi inasemaje, likaishia hapo. Kilichofungua mlango ni ombi la mkuu wa nchi kwenye meza ya chakula, njia ambayo hakuna kanuni iliyoiandika na ambayo mchezaji wa timu ya Tabora au Lindi hataipata kamwe. Wapo waliofurahi, nami nilifurahi kwa kijana. Bado nafikiri kanuni iliyosubiri Ikulu ilikuwa imekwisha shindwa mapema.

Linganisha na Bernard Morrison. Mwaka 2020 Yanga walisema yule Mghana ana mkataba wa miaka miwili, mwenyewe akasema ulikuwa wa miezi sita na umekwisha. Kamati ikaukagua mkataba, ikaona kasoro, ikampa haki, akaenda Simba. Yanga wakakata rufaa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Uswisi, ambayo Novemba 2021 nayo ikasimama na mchezaji. (Mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga. Mpira haujui kununa.) Hapo hakuna aliyepanga nani amchukue nani, wala kwa bei gani. Waliulizwa kama maandishi ni maandishi, wakajibu. Watu walikasirika, kama kawaida ya watani wa jadi, ila hakuna aliyeuliza foleni imekwenda wapi.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, na tunakitamka kila Jumamosi bila kukisikiliza: kuamua. Kuamua ni kukata shauri. Kuamua, vilevile, ni kuwatenganisha wanaopigana. Mtoto akipigwa njiani anapiga kelele aje mtu *amwamulie*. Maana zote mbili zimo katika mwamuzi, yule mwenye filimbi, ambaye anakata shauri na anasimama katikati ya miili. Mwamuzi hapigi mpira. Ukimgonga, mchezo unaendelea au unasimamishwa kwa kanuni, ila bao lake hakuna alitakaye. Ningetaka ligi iwe hivyo kwenye biashara za klabu: iwe na kikomo cha matumizi kilichotangazwa kabla ya msimu, ikague karatasi, ipokee mapingamizi, iandike au ikatae kuandika, na sababu iibandike ukutani. Bei, mji, na nani anamtaka nani, hayo si yake.

Pingamizi, kwa njia, ni neno tunaloazimana na ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi aseme. Na mpirani nako baada ya majina kuwasilishwa kuna siku za pingamizi. Msajili wa ndoa anaweza kuizuia harusi iliyokwisha lipiwa ukumbi. Ana nguvu kubwa. Lakini hajawahi kumwambia bwana harusi kwamba msichana huyu apewe jirani yako kwa sababu mtaa wa jirani una wageni wengi zaidi.

Nguvu hiyo isidharauliwe, hata hivyo. Agosti 2021 Messi alitaka kubaki Barcelona na Barcelona ilitaka abaki, masharti yalikuwa yamekubaliwa, na bado alilia mbele ya kamera kwa sababu mkataba ule usingepita kwenye kikomo cha ligi. Anayesema ligi hiyo haikuingilia chochote, iligoma kuandika tu, anacheza na maneno, nami nayajua maneno yanavyochezewa. Kugoma kuandika ni kutenda. Tofauti ninayoiona ni kwamba Messi hakutolewa kwenye tombola. Alibaki na miguu yake, akaenda Paris.

Basi nikalitafuta neno la kuuziba ule ufa. Nilijaribu *kuajiri*, likawa la kiofisi mno. *Kusaini* linamfaa mchezaji, klabu halikai vizuri. Mwishowe likaja lenyewe kutoka Abilene, Texas: kuandikisha. Zamani kumwandika mtu kazi kulikuwa kumwajiri, na wazee bado husema fulani kaandikwa bandarini. Ongeza kiambishi cha kusababisha, -ish-, na sarufi inafanya kazi ambayo wanasheria wa Hispania waliifanya kwa miezi mitatu. Mzazi humwandikisha mtoto, shule ndiyo inayomsajili. Klabu humnunua na kumwandikisha mchezaji, ligi ndiyo inayomsajili au kukataa. Barcelona ilimwandikisha Olmo, ligi haikumsajili. Kila mtu yuko kwenye kiti chake, na swali la nani aingilie nini linapungua ukubwa kwa nusu, kwa sababu sasa tunaona ni kiti gani anakitoka anapoingilia.

Nilimpigia kijana siku mbili baadaye kumpa neno langu, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi yenye jina lake mwenyewe.

"Kuandikisha?" akasema. "Mzee wangu, hilo si la mama anayempeleka mtoto darasa la kwanza?"

"Ndilo hilohilo."

"Herufi kumi na moja, mzee. Kichwa cha habari hakilipokei." Na akaongeza, kwa upole, kwamba ule usiku walikwisha pata njia yao. Sentensi waliifuta, wakachukua mfano wangu wa simu na kuuweka juu kabisa: Olmo kama laini isiyosajiliwa.

Nilikuwa nimeiona nakala hiyo asubuhi yake bila kujua ni mimi niliyeizaa, imetundikwa kwa vibanio kwenye meza ya magazeti, na wasomaji wa bure wamejipanga mbele yake mikono nyuma. Mmoja, dereva wa bodaboda aliyevaa kofia yake ngumu kichwani, alisoma kichwa cha habari kwa sauti, akakaa nacho kidogo.

"Kumbe," akamwambia mwenzake, "walimnunua hana namba ya NIDA."